Barazani kwa Bi Mkubwa: Swali ni la nani?

Mwezi huu barua zimekuja kwa mkumbo mmoja, utadhani mliambizana. Wasomaji watano, miji mitano, na wote mnauliza habari za watafiti wa afya wanaobisha hodi kwenye mitaa yetu. Yule bwana wa mirathi ya Chumbageni anisamehe, zamu yake nimeisogeza.

Kwa wageni wa baraza hili: mimi ni mtu wa Pangani. Detroit nimeingia 1997, na miaka 19 kati ya hiyo nimeila nikiwa mhudumu wa afya ya jamii, yaani kupanda ngazi za watu na mkoba begani. Magoti yalipogoma nikastaafu. Kwa hiyo haya nayajibu kama mtu aliyekaa pande zote mbili za mlango: nimebishiwa, na nimebisha.

Jambo sana Mama. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Uvira, niko Grand Rapids mwaka wa sita. Jumapili mbili zilizopita watu wa chuo kikuu walikuja kanisani kwetu kisha ya ibada. Wanataka kufanya utafiti wa sukari na presha kwa Wakongomani. Mchungaji amenitaja niwe kwenye kamati yao ya ushauri. Kila kikao wanatoa kadi ya zawadi ya dola 25. Bwana yangu amekataa. Anasema kambini Nyarugusu tulihesabiwa miaka 16 na hatukuona faida ya kuhesabiwa, sasa hawa wanatafuta panya wa maabara. Mimi moyo uko nusu nusu. Niingie ao nikatae?

Jambo sana, mama watoto. Mpe bwana salamu zangu, umwambie hajakosea. Mtu aliyehesabiwa miaka 16 bila kuambiwa hesabu ilikuwa ya nini ana haki ya kununa.

Nikupe langu. Mwaka wangu wa pili hapa, tukiwa tumepanga kwenye jengo la wahamiaji watupu, alikuja binti mmoja mwanafunzi, mpole, tabasamu haliishi. Akatupima presha. Akatuuliza tunakula nini, tunalala saa ngapi, watoto tunawaacha na nani tukienda kazini. Fomu ilikuwa kurasa thelathini na kitu. Mimi nikampikia chai ya maziwa na maandazi, maana kwetu mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaahidi majibu atatuletea mwenyewe. Hatukumwona tena.

Miaka kama mitano baadaye, nimeshaajiriwa, nikapelekwa kwenye mkutano wa watu wa afya. Ukumbini kulikuwa na mabango ya tafiti yamepangwa ukutani, na kwenye bango moja nikaliona jengo letu. Jina halikutajwa, lakini nililijua: ghorofa nne, lifti mbovu, wanawake wa Afrika Mashariki. Bango likasema tunakula chumvi nyingi na uelewa wetu wa lishe ni mdogo. Nimesimama pale na glasi ya juisi mkononi, najisoma. Ile chumvi, mama, ilikuwa kwenye supu za makopo tulizogawiwa bure kila Ijumaa kwenye kituo cha chakula. Kurasa thelathini na hakuna swali hata moja lililouliza chakula kinatoka wapi. Lingekuwapo, bango lingezungumza habari ya kituo cha chakula, lisingezungumza uelewa wangu. Mgeni alikuja, mwenyeji hakupona.

Toka siku hiyo nikisikia neno utafiti nauliza jambo moja kabla ya mengine yote: swali ni la nani? Hao waliokuja kanisani, waulize bila kuona haya. Habari ya sukari na presha nani ameianzisha? Mliwauliza Wakongomani wa Grand Rapids kinachowasumbua, au mlikuja nayo kutoka ofisini? Wakikwambia fedha zimeshatoka, fomu imeshachapwa, bado watu tu, basi ujue chungu kimeshaiva na wewe umeitwa kuonja chumvi. Unaweza kukubali kuonja, si dhambi, lakini usije ukaambiwa kesho kwamba wewe ndiye uliyepika.

Kuna wanaopika pamoja kweli, utafiti shirikishi unaitwa, na hapa Detroit tunao. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Michigan, idara ya afya ya jiji, watu wa hospitali na jumuiya za mitaa ya mashariki na kusini-magharibi walianzisha kituo cha utafiti wa mjini, na profesa Barbara Israel akiwa miongoni mwa walioanza. Jumuiya za mitaani zilikaa kwenye bodi yenyewe, zikashiriki kuandika kanuni na kuchagua kipi kichunguzwe kwanza. Kutoka hapo ukatokea mradi wa pumu za watoto ulioitwa Community Action Against Asthma. Wahudumu waliajiriwa kutoka mitaa ile ile, wakaingia kwenye kaya karibu 300 na mashine za kufyonza vumbi, mifuko ya kufunikia magodoro na dawa za mende. Matokeo yalipochapishwa 2008, kikohozi cha watoto kilikuwa kimepungua, safari za ghafla kwa daktari zimepungua, na hata huzuni ya walezi imepungua. Hilo la mwisho mimi halikunishangaza. Mama ambaye halali kwa ajili ya pumzi ya mtoto, ukimpunguzia usiku mmoja umemtibu na yeye.

Mimi sikuwa kwenye mradi huo. Nilikuwa kwenye mwingine mdogo wa namna ile ile, na siku moja nitakusimulia vizuri, leo nakupa kipande. Nyumba ilikuwa kusini-magharibi, karibu na daraja la kwendea Kanada. Mama mwenyewe ni mtu wa Mexico, mtoto wake wa miaka minane amekaa kwenye kochi na pampu yake ya pumu mapajani kama mwanasesere. Nimepiga magoti nyuma ya friji, natafuta mende kwa tochi, naandika. Yule mama akanitazama kwa muda, kisha akaenda kufungua dirisha, hakusema neno. Lori likapita. Likapita jingine. Vikombe vikagongana kabatini. Akaniuliza, "Mende umewahesabu. Na hayo?" Nikapekua fomu mbele na nyuma, malori hayana mstari. Nikaandika pembeni kwa penseli, kwa herufi kubwa: MALORI. Kwenye kikao cha Jumatano nikaweka karatasi mezani. Wenzangu wawili nao walikuwa wameandika hivyo hivyo, kila mmoja kwenye ukingo wa fomu yake. Fomu iliyofuata ilikuwa na mstari.

Si sisi wa kwanza. Harlem, New York, wakazi waliojiunga 1988 kwenye chama cha WE ACT, wakiongozwa na kina Peggy Shepard, walianza kwa kulalamikia harufu ya mtambo wa majitaka. Kisha wakageukia moshi wa mabasi ya dizeli, kwa kuwa gereji nyingi za mabasi za Manhattan zilirundikwa upande wao wa juu. Julai 1996, vijana wa mtaani pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walisimama kwenye makutano ya barabara, wengine wanahesabu mabasi na malori, wengine wamebeba mikoba yenye vipima hewa. Masizi ya dizeli yakaonekana kupanda na kushuka kulingana na magari yanayopita, njia panda moja ikizidi nyingine mara kadhaa. Bibi aliyekuwa akisema miaka yote kwamba moshi unamuua mjukuu wake sasa akawa na namba ya kwenda nayo kwenye mamlaka ya usafiri.

Sasa nirudi kwako. Mimi nasema ingia, lakini usiingie peke yako. Mkongomani mmoja kati ya maprofesa kumi ni ua la mezani. Waambie mnakuja watatu, na mmoja awe mtu anayepiga zamu ya usiku, kwa hiyo vikao visiwe saa nne asubuhi. Ile kadi ya dola 25 uipokee, muda wako ni mali, ila uliza bajeti nzima iko wapi na jumuiya yenu imetengewa kiasi gani. Wao hawaoni aibu kuulizwa, ni sisi tunaona aibu kuuliza. Uliza taarifa zenu zitakaa kwa nani, na kama mtasomewa majibu kanisani, kwa lugha yenu, kabla hayajaenda kwenye jarida. Wakisema ndiyo, waandike. Neno la mdomo linakwisha mwanafunzi akihitimu.

Na usimshinde bwana kwa maneno. Mchukue kwenye kikao cha kwanza akae nyuma.

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni kijana wa Mombasa, nasoma Minneapolis. Kwenye simu naona video zinasema serikali ya Marekani iliwadunga watu weusi kaswende huko Alabama. Ni kweli au chumvi? Na kama ni kweli, kwa nini mtu mweusi akubali tena kutafitiwa?

Marahaba mwanangu. Kuna kweli na kuna chumvi, na kweli yenyewe haikuhitaji chumvi.

Kaunti ya Macon, Alabama, kuanzia 1932: Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilichukua wanaume weusi 600 hivi, 399 wana kaswende tayari, 201 hawana. Hawakudungwa. Waliachwa. Waliambiwa wana "damu mbaya", wakapewa usafiri, chakula cha siku ya kupimwa na fedha za maziko, na madaktari wakawa wanaangalia ugonjwa unavyowala. Mwaka 1947 penisilini ilikuwa imeshakuwa dawa ya kawaida ya kaswende. Hawakupewa. Iliendelea hivyo hadi 1972 gazeti lilipofichua, miaka 40 kamili. Rais Clinton aliomba radhi 1997, mbele ya wachache waliokuwa bado hai. Hiyo ya kudunga ni habari nyingine, ilikuwa Guatemala, 1946 hadi 1948, nayo ni kweli na ilijulikana 2010. Watu wa video wamezichanganya.

Sheria ya utafiti ya 1974 na bodi za maadili zilizotokana nayo ni mtoto wa aibu ile. Bodi hizo zina kazi yake, sizidharau. Lakini bodi inaangalia kama utafiti utakudhuru wewe mmoja mmoja. Haiulizi kama mtaa wenu ulihitaji utafiti huo.

Kwa nini mtu akubali? Sikupi hotuba, nakupa habari ya mji unaokaa. Mwaka 2008 hivi, akina mama wa Kisomali wa Minneapolis waliona jambo: madarasa ya watoto wadogo wenye usonji, yaani autism, yamejaa watoto wao. Waliona wao kwanza, kabla ya profesa yeyote. Wakauliza. Hesabu kamili ya chuo kikuu ikatoka Desemba 2013: mtoto 1 kati ya 32 kwa Wasomali, 1 kati ya 36 kwa wazungu, tofauti si kubwa kitakwimu. Ila watoto wa Kisomali wenye usonji walikuwa na ulemavu wa akili kuwazidi wa makundi mengine. Kati ya kuuliza na kujibiwa imepita miaka mitano, na kwenye nafasi hiyo wakaingia wengine na majibu yao mkononi, wakisema ni chanjo ya surua. Mwaka 2004 watoto wa Kisomali wa Minnesota waliochanjwa walikuwa asilimia 92. Kufikia 2014 ni asilimia 42. Surua ikaja 2017, wakaugua watu 75, wengi wao watoto wa jamii hiyo.

Kwa hiyo mwanangu, kutotafitiwa nako kuna gharama yake. Wale mama hawakukataa kuchunguzwa, walikuwa wakiomba kuchunguzwa, na walisubirishwa.

Bi Mkubwa, niko Chicago, karatasi zangu hazijakaa sawa. Zahanati wananiomba niingie kwenye utafiti wa kifua. Naogopa jina langu lisije likafika kwa watu wa uhamiaji.

Waulize kama utafiti una Cheti cha Usiri. Tangu Oktoba 2017, tafiti zinazofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zinazokusanya habari nyeti za watu hupata cheti hicho moja kwa moja, na kwa kawaida mtafiti haruhusiwi kukabidhi jina lako hata akiletewa hati ya mahakama, isipokuwa wewe mwenyewe ukubali. Kina mipaka: haya ya mtoto kupigwa, au magonjwa ambayo sheria inataka yaripotiwe, wanaweza kuyasema, na kwenye fomu ya kukubali lazima wakuandikie. Kama fedha si za huko, usidhani kipo, uliza wana kinga gani. Na swali la uraia kama halina maana kwa kifua chako, waulize linafanya nini kwenye fomu. Mara nyingi halina kazi, mtu alilinakili tu kutoka fomu nyingine.

Shikamoo mama. Mimi ni mkalimani Louisville, Mtanzania. Nimepewa dodoso la afya ya akili nitafsiri kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Nimetafsiri vizuri, Kiswahili sanifu, lakini tulipojaribu watu wanajibu vitu havieleweki. Tatizo ni wao au ni mimi?

Marahaba. Tatizo ni wewe, mwanangu, na ulikuwa wangu kabla yako, kwa hiyo usione vibaya.

Nilipewa dodoso kama hilo. Swali la Kiingereza liliuliza mara ngapi katika wiki mbili zilizopita umekuwa "chini". Nikaandika, na kiburi changu chote cha Kitanga: "Ni mara ngapi umejihisi uko chini?" Bibi wa kwanza niliyemsomea, mtu wa Fizi, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi sikai chini. Nakaa gorofa ya tatu." Nikaandika sifuri. Bibi huyo, nilikuja kujua, alikuwa amezika watoto watatu na hakuwa amelala usiku mzima tangu afike Marekani. Kwenye karatasi yangu alikuwa mzima kama kigongo.

Maneno yao wanayo. Waache wakwambie. Kaa na wamama watano jikoni, sema, "Mtu akiwa na huzuni isiyokwisha, nyumbani mnasema ana nini?" Utasikia mawazo. Anawaza sana. Moyo mzito. Kichwa kinawaka. Mawazo si fikra pale, ni ugonjwa, na mkimbizi yeyote kutoka Kongo atakuelewa ukimwuliza, "Mawazo yanakusumbua siku ngapi?" Presha kwa wengi wao ni tansiyo, wameichukua kwenye Kifaransa. Ridhaa, neno tunalolipenda sana sisi wa fomu, wengi hawalijui, wao wanajua ruhusa na kukubali. Lakini linalonichekesha na kuniuma ni hili hapa: tulizoea kubisha hodi tukisema "tumekuja kufanya uchunguzi". Uchunguzi ni kazi ya daktari, ndiyo, na ni kazi ya polisi vilevile. Milango ilikuwa ikifungwa na sisi tukaandika kwenye ripoti kwamba jamii hii haina ushirikiano.

Kingine ni vile vijisanduku vya majibu: siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Nani anayeihesabu huzuni yake kwa mafungu ya namna hiyo? Mwenzangu mmoja, mama wa Kirundi aliyekuwa hajui kusoma na ambaye baadaye alikuja kuwa mhoji bora kuliko sisi wote, akaleta maharage. Maharage 14, siku 14. Unampa mtu vikombe viwili: humu tia siku ulizolala vizuri, humu tia siku ulizokesha. Bibi yule wa gorofa ya tatu tulimrudia. Akashika maharage, akaanza kutia kikombe cha pili, moja moja, taratibu, hakuna lililoingia cha kwanza. Alipomaliza akasukuma kikombe kuelekea kwangu, akauliza kama yanatosha au aongeze.

Watafiti watakwambia dodoso lao limethibitishwa, usiguse. Hilo nalielewa, wanataka kulinganisha namba zao na za wengine. Wajibu hivi: limethibitishwa kwa nani? Waombe muda wa kulijaribu kwa wazee kabla halijaingia mitaani, na majina ya wazee hao yaandikwe kwenye shukrani, na walipwe. Tafsiri ya kwenda na kurudi, ile ya mmoja anapeleka Kiswahili na mwingine anarudisha Kiingereza, haitakuokoa. "Chini" ingerudi ikiwa "chini" vizuri kabisa, na bibi bado yuko gorofa ya tatu.

Habari ya siku nyingi Bi Mkubwa. Mimi ni muuguzi, Mukuru, Nairobi. Tumefundishwa utafiti shirikishi wiki mbili hotelini na wataalamu kutoka nje. Nauliza tu: hiki kitu si cha wazungu, tunaletewa tena kama msaada?

Njema mwanangu, na umenifurahisha. Kitu hicho kiliwahi kupanda basi Ubungo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianza kuwafanya wanafunzi wake na wanakijiji kuwa watafiti wenza. Baadaye ukaja mradi wa Jipemoyo, kule Bagamoyo. Wakati huo huo Budd Hall alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pale pale Dar, naye ni mmoja wa walioisambaza kote duniani namna hiyo ya kutafiti, pamoja na jina lake. Paulo Freire mwenyewe alipita Tanzania 1971. Si kwamba Waafrika peke yetu tulivumbua, Wamarekani nao wana ukoo wao, wa Kurt Lewin na wengine. Lakini mtu asikufundishe wiki mbili hotelini kana kwamba kimeshuka jana uwanja wa ndege. Na hapo Mukuru kwenu, kaunti ilipolitangaza eneo maalumu la mipango 2017, ni nani walioingia mlango kwa mlango kuandika hali ya maji na vyoo? Wakazi, pamoja na Muungano wa Wanavijiji, chama cha watu wa mitaa ya mabanda. Waendee hao, hawadai hoteli.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka tisa. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipoanza, watu karibu milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi wiki 12 kusikiliza redio na kujadili malaria, kichocho, kuhara. Kikundi chetu kilikutana kwa babu, chini ya mwembe, redio juu ya kiti na kitambaa cha fumwa chini yake kama bwana harusi. Kipindi kikiisha, mwalimu anasoma kitabu, kisha inaulizwa: sasa tufanye nini? Kitabu kilitaka vyoo. Swali lilikuwa la Dar es Salaam, siwezi kusema lilikuwa letu. Nyanya yangu akasema choo sawa, lakini kisima kiko bondeni na mvua ikinyesha kila kitu kinashuka mle, tuanze na kisima. Wazee wakabishana hadi magharibi. Wakakijengea kisima ukingo kwanza, choo kikafuata baada ya mavuno, na mwalimu akaandika kwenye ripoti yake kwamba vyoo vimechelewa.

*

Ukurasa ukiwa unakwenda kuchapwa, mama wa Grand Rapids ameniandikia tena. Walikwenda watatu, na bwana akakaa nyuma. Mama aliuliza swali ni la nani. Profesa, anasema, alinyamaza kidogo, kisha akafunga kompyuta akawauliza wao wangechagua nini. Hakuna aliyetaja sukari. Walitaja vidole kufa ganzi, maana wengi wao wanakata nyama kiwandani kwenye baridi zamu nzima, na kurudi asubuhi wasipate usingizi kwa kelele za watoto. Profesa ameomba wiki mbili akawaulize wenye fedha kama mpango unaweza kubadilishwa. Anaweza kurudi na hapana.

Kikao kingine ni Alhamisi, saa moja jioni. Mama leseni ya gari bado hajapata, kwa hiyo bwana ndiye atakayempeleka.